Nani Alifungua Ukurasa wa Tisa

…na hakuna kinachopotea, anasema huyu Hamish wa kampuni ya Auckland, uso wake mkubwa kwenye skrini ya ukutani kama picha ya mgombea, hakuna kinachopotea ndani ya mfumo wetu, mjumbe akifungua kabrasha tunajua, akilifunga tunajua, akikaa kwenye ukurasa mmoja dakika kumi tunajua, na anatabasamu, kwa nini anatabasamu, mtu anayejua yote hayo alitakiwa awe na uso wa daktari, si uso wa muuza magari, nami naandika, kwa sababu kazi yangu ni kuandika, Sulufaiga Leota, katibu wa bodi mwaka wa kumi na moja huu, naandika mfumo wa kwanza unahifadhi, na chini yake mfumo wa pili unafuta, maana yule mama wa kampuni ya Sydney juzi Jumanne alituambia kinyume, kwamba wao siku thelathini baada ya kikao wanafuta kila kitu, makabrasha, alama za kalamu, hata orodha ya waliosoma, zinabaki kumbukumbu zilizosainiwa basi, na Mwenyekiti Tuala alipolisikia hilo alikaa vizuri kwenye kiti, nilimwona, mtu aliyekuwa amejilegeza tangu asubuhi akakaa vizuri, anataka kifutwe nini… tangu siku ile namtazama mikono yake zaidi ya uso wake. Saa nne na nusu, sala imeshasomwa, koko imepoa vikombeni, feni inanyanyua pembe za karatasi na kuziachia, tuko ajenda ya sita, kuchagua njia ya kuwapelekea wajumbe makabrasha bila bahasha na bila barua pepe, na baada ya sita inakuja saba, nimeiandika mimi mwenyewe, usiri wa bodi, maneno matatu tu, na mzee Fuimaono anayekaa mkono wangu wa kulia hajui kwamba maneno yale matatu ni yeye, hajui, au anajua na anajifanya hajui, maana leo tena ameniletea panikeke za mkewe, maandazi ya mviringo, ndani ya kitambaa, zina joto bado, na nimejiuliza hapohapo mlangoni, mtu huleta chakula wakati gani, akiwa anapenda au akiwa anaogopa.

Wiki tano zilizopita hatukuwa hivi, kabrasha lilikuwa la kufunga tawi la benki yetu kisiwani Savai'i, na ukurasa wa tisa ulikuwa na majina kumi na moja ya watakaopunguzwa, kikao kilikuwa Jumatano, na Jumatatu kamati ya akina mama kanisani kule Savai'i walikuwa wanayataja majina, yote kumi na moja, kwa mpangilio uleule wa jedwali langu, si kwa herufi, si kwa umri, kwa mpangilio wangu, Jumanne wachungaji watatu wakashuka kwenye feri na barua, bodi ikaahirisha, na Mwenyekiti akaniita ofisini kwake akafunga mlango akasema, "Sulu, kuna mtu ametuvua nguo mbele za watu. Mtafute. Na unitafutie njia ambayo haitavuja tena," basi nikaanza kunusa, sikuwa hivi mimi, lakini ukishaanza kunusa kila kitu kina harufu, Mele, mjumbe mwenye duka la dawa, mbona kila kikao simu yake inalala kifudifudi, na lile jengo la tawi, je, si la binamu yake, tawi likifungwa angepoteza mpangaji, Mwenyekiti mwenyewe, mbona anapenda sana kufuta, halafu Fuimaono, mzee wa Savai'i, chifu wa kijiji kule, macho yamekwisha, binti yake Sina ndiye anayemsomea, kwa hiyo siri ya benki inasomwa kwa sauti sebuleni, na bahasha yake ile ya kaki aliirudisha na gundi yake haijabanduliwa, akanivuta pembeni akasema, "Mwanangu, macho yamegoma na Sina yuko kwao mumewe, wiki hii sikusoma kitu, usimwambie Mwenyekiti," na mimi nikafikiri nini, nikafikiri nani anarudisha bahasha safi hivi kama si aliyeifungua kwa mvuke na kuigundisha upya, nani anajitetea kabla hajaulizwa, nikaenda kwa Mwenyekiti nikamwambia, sikusema ni yeye, nilisema tu bahasha ile hainipi amani, na Mwenyekiti akasema weka kwenye ajenda lakini kwa heshima, hatutamtaja, atajiuzulu mwenyewe, mtu wa hadhi yake anajua aibu inapomwangalia.

"Mwulizeni huyo mzungu," anasema Fuimaono sasa hivi, anajipepea taratibu, "mashine yake inajua nikisinzia?" na watu wanacheka, hata Mwenyekiti anacheka, na Hamish akitafsiriwa anacheka pia, anasema inajua ukiacha kugusa kioo, bwana, tutadhani unafikiri, na mzee anasema basi hiyo inafaa, imewazidi adabu wajukuu zangu, mimi sicheki, naangalia nani anacheka kwa mdomo na nani kwa macho, na Hamish anasema ngojeni niwaonyeshe kitu halisi, si mfano, ni majaribio yenu wenyewe, makabrasha yale yale tuliyoyaweka huku wakati mnaendelea na bahasha, na uso wake unaondoka ukutani linakuja jedwali, jina, siku, saa, kifaa, ukurasa, dakika, sikuwahi kuliomba jedwali hili, mimi niliyekuwa nanusa bahasha, kwa sababu nani alikuwa anautumia mfumo wa majaribio, wazee wote walishika karatasi, linapanda polepole, Mele Ijumaa, kurasa zote, dakika arobaini, Mwenyekiti Jumamosi, Fuimaono Ijumaa, ukurasa wa kwanza, dakika mbili, basi, hakurudi tena, dakika mbili na macho yale, hata kichwa cha habari asingemaliza, kisha Leota, Jumapili, saa nane na dakika kumi na saba mchana, kifaa cha pili, ukurasa wa tisa, dakika kumi na nne… limeshapita, linaendelea kupanda, Leota ni mimi, kifaa cha pili ni nini, mimi nina kifaa kimoja, hiki hapa mbele yangu, nani mwingine ameliona, Mele anaangalia simu yake, Fuimaono kwake ukuta wote ni ukungu, Mwenyekiti anasoma ajenda au anajifanya anasoma, kidole chake kiko kwenye saba, Jumapili saa nane mimi huwa nimelala, Savai'i na Upolu, visiwa vyote viwili, huwa vimelala, tumekula baada ya kanisa, palusami na nyama ya kopo, milango wazi, kila mtu juu ya mkeka wake, sikufungua kitu mimi, kuna mtu ameingia kwa jina langu, wamenichezea, mtu wa Auckland anaweza kuandika jina lolote anapotaka, au Mwenyekiti amempa neno langu la siri, ndiyo maana anataka kufuta, ndiyo, ngoja, kifaa cha pili… kile kishikwambi cha nyumbani, cha nyimbo za kwaya. Niliingilia pale Alhamisi ile kompyuta ya ofisi ilipokufa, nikapanga jedwali la majina mezani nikiwa na khanga ya kuogea, na mfumo uliponiuliza nikukumbuke kwenye kifaa hiki nikabonyeza ndiyo, kwa sababu wali ulikuwa unaungua.

"Katibu," anasema Mwenyekiti, "wewe ndiye utakayeutumia kila siku. Unapendekeza upi?" na mimi nanyanyua kalamu kama mtu anayetaka kusema, na ninachokiona si meza hii, ni kibaraza changu, nimeamka usingizini kiu imenibana, mkeka umenichora shavuni, na Peniamina mume wangu kakaa kibarazani ameupa mgongo mlango, kishikwambi mapajani, nikamuuliza hujalala, akasema, "Natafuta wimbo wa Jumapili ijayo, lala wewe," bila kugeuka, mtu wa sauti ya tatu kwenye kwaya, nyimbo zote anazo kichwani tangu utoto, nikanywa maji nikarudi kulala, mimi ninayejua kusoma gundi ya bahasha. Na usiku wa Jumamosi, siku moja tu kabla, aliniuliza, dada yake Saulele wa dirisha la pili kule tawini anataka kujenga jiko jipya, aanze au asubiri, aliuliza akiwa anaangalia sahani, nami nikamjibu ya benki yanabaki benki, Peni, nikageukia ukuta, jina la Saulele lilikuwa la nne kwenye jedwali langu, mume wake hajanyanyuka kitandani tangu Pasaka, nililiandika la nne nikaendelea na la tano… na Jumatatu Peniamina akaosha vyombo, miaka kumi na tisa ya ndoa, akaosha hata sufuria, nikadhani ni upendo, nikafurahi, nikaenda kazini nikamtafuta mwizi.

Mwenyekiti ananitazama, na sasa namsoma vingine, labda anaogopa tu, labda anataka kufuta kwa sababu mkewe naye anauliza maswali akiangalia sahani, labda kila mmoja hapa mezani ana kibaraza chake, lakini nikisema mfumo wa pili Hamish anafunga majaribio yake na jedwali lile linaondoka naye, na yajayo yanafutwa siku thelathini, kwa heshima zote, hakuna atakayeuliza Leota alikuwa anafanya nini Jumapili mchana, Peniamina ataendelea kuosha vyombo, na baada ya dakika tano tutafungua ajenda ya saba na mzee huyu atasikiliza maneno matatu, ataelewa taratibu, ataacha kujipepea, hatabisha, wazee kama hawa hawabishi, atasema kama bodi imeona hivyo, atarudi Savai'i kwenye kijiji ambacho watu wanajua kwamba waliambiwa, na hawajui kwamba si yeye aliyewaambia, labda watamshukuru hata, watamshukuru kwa kitu ambacho hakukifanya na bodi itamdharau kwa hichohicho, na Sina atamsomea barua ya bodi kwa sauti sebuleni. Na nikisema wa kwanza, nini, kazi yangu, miaka kumi na moja, na nyumbani, nikifika nyumbani nitamwambia nini, nitamuuliza kwa nini hukuniambia, atasema, "Nilikuuliza," na kweli aliuliza, ukageukia ukuta, Sulu… bado sijui kama alichofanya ni wizi, wale kumi na moja wako kazini mpaka leo kwa sababu yake, labda katika nyumba ile yeye ndiye aliyesoma ukurasa wa tisa kama unavyotakiwa kusomwa, dakika kumi na nne, mimi niliyeupanga sikukaa nao hata tatu, sijui, hilo ni letu, tutaligombania jikoni, lakini la bahasha ninalijua, bahasha ilikuwa haijafunguliwa kwa sababu haikufunguliwa, mzee alisema hakusoma kwa sababu hakusoma, hapakuwa na kitu chini yake, na panikeke hizi ni panikeke.

"Mpe nafasi," anasema Fuimaono, ananitetea, anageuza uso kuelekea sauti yangu ilipotakiwa kuwa, "mwanangu huyu hasemi kitu kabla hajakipima," na feni inanyanyua pembe ya ajenda na kuiachia, na Hamish ukutani amerudi na tabasamu lake, anangoja, Mwenyekiti anangoja, hakuna kilichobadilika chumbani humu, kalamu bado iko juu, naishusha, na nasema, "Huu unaohifadhi, Mwenyekiti. Na kabla hatujaingia ajenda ya saba namwomba huyu bwana aturudishie lile jedwali. Jumapili, saa nane mchana. Jina lililo pale ni langu."