Kwenda Krete Peke Yake

Siku Godelive alipomwambia mumewe, Lusenge, kwamba anataka kusafiri peke yake, alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Tangu asubuhi, akiuza minyororo na vioo vya pikipiki katika duka lao la vipuri katikati ya Butembo, alikuwa akipanga maneno. Angemkumbusha kwamba kila mume alipopanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou kununua bidhaa, ni yeye mke aliyebaki na funguo. Angemkumbusha watoto wanne aliowalea. Lakini jioni, mezani, alisema sentensi moja tu na Lusenge akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Unataka kwenda wapi?"

"Krete. Ni kisiwa ya ba-Grecs, kule Méditerranée."

"Kufanya nini kule?"

"Kuona tu. Kupumuzika. Halafu nirudi."

Lusenge alitafuna tonge lake, akalimeza. "Mais ni muzuri, Mama Shalom. Umechoka mingi. Enda."

Maneno yote aliyoyapanga yakabaki kifuani, hayana kazi tena. Usiku ule alilala akiwa na furaha iliyochanganyika na aibu, kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwogopa mtu ambaye angekubali kama angeulizwa.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Godelive alizaliwa Mutwanga, chini ya Rwenzori, ambako baba yake alikuwa mpishi wa mzee mmoja Mgiriki mwenye shamba la kahawa, Bwana Manoli. Mzee huyo alitoka Krete. Mawingu yalipofunguka juu ya mlima na theluji ikaonekana, aliwaita watoto wa jikoni na kuwaambia kwamba kwao pia kuna mlima wenye theluji, ila ukiupa mgongo tu, unaona bahari. Godelive alikuwa mdogo, hakuweza kuyaweka pamoja kichwani, theluji huku na bahari kule. Manoli alikufa palepale Mutwanga bila kurudi kwao. Msichana akakua, akaolewa Butembo, na kila alipochoka sana alijiambia kwamba siku moja ataenda kusimama mahali pale na kugeuka.

Aliyeipokea safari kwa mikono miwili ni Shalom, binti yake wa kwanza, aliyekuwa akimaliza chuo. Kila jioni alikaa na mama yake, simu mkononi, akimsomea mambo ambayo wanawake wengine wanaosafiri peke yao waliandika.

"Banasema usiambie mutu kama uko peke yako. Ukiulizwa, sema bwana iko nakuya."

"Niende mbali vile juu ya kusema uongo?"

"Maman, ni sécurité. Na hii chumba, angalia. Mwenyewe ni mama mujane, anakaa chini, wageni juu. Mlango inafungwa na ndani."

"Bahari inaonekana?"

"Inaonekana."

"Nikiwa nimeikala?"

Shalom alicheka, akaandika kwa yule mjane kuuliza. Jibu lilikuja asubuhi: ndiyo, hata ukiwa umekaa.

Shalom ndiye aliyemwambia afanye mazoezi ya kula peke yake. Kwa hiyo Jumatano moja Godelive alivaa kitenge chake kizuri, akaingia katika mkahawa ulio karibu na soko, akaketi na kuagiza samaki. Mhudumu alileta sahani mbili. "Tunangojea papa, bwana yenu?" aliuliza. Godelive akasema hapana. Baadaye kidogo akarudi: "Tulete fanta ya ule mwenye anakuya?" Kwenye meza ya jirani, mama wawili wa parokia walimtazama, wakatazamana. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani. Mmoja alimshika mkono baada ya misa. "Tunasikia unaenda Ulaya. Utaleta bidhaa gani?"

"Sileti kitu."

"Sasa unaendea nini?"

Hata Kinshasa, alikokwenda kuomba visa, mwanamke wa nyuma ya kioo alimwuliza nani anamngoja kule. Godelive alisema hakuna. Mwanamke akamtazama tena, akarudia swali. Hakuna, alisema Godelive, na aliposema mara ya pili alihisi tumbo lake limejaa kitu kitamu ambacho hakuwahi kukionja. Visa ikatoka.

Mtu mmoja tu alikataa. Mama Kahongya, mama mkwe wake, alitembea kutoka kwake na fimbo yake, akaketi sebuleni, akakataa chai.

"Hapana enda," alisema.

"Kwa nini, Mama?"

"Mwanamuke hapana acha nyumba yake bure."

"Mutoto wenu anaendaka Dubai kila mwaka. Hamukumuambiaka hivi."

"Minasema weye, hapana yeye. Bakia kwako, mwali wangu."

Godelive alikuwa amechoka na macho ya kanisani na maswali ya soko, na hasira yote ikamwangukia huyu mwanamke mzee. Akamwambia kwamba mtu ambaye hajafika hata Kasindi, hapo mpakani, hawezi kujua dunia. Akamwambia kwamba wivu wa wazee ni mbaya kuliko wivu wa vijana. Mama Kahongya alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaufumba, kisha akainuka, akatafuta fimbo yake na kuondoka. Hakurudi tena.

Alhamisi ya safari, Lusenge mwenyewe alibeba valizi hadi mlangoni. "Simama pale, nikupige photo," alisema. Godelive alisimama kando ya valizi jekundu, akacheka kwa meno yote. Shalom alimkumbatia kwa nguvu, akalia, na mama akadhani ni machozi ya kuagana.

Safari ilikuwa ipite Beni, Kasindi, Kampala, halafu ndege. Beni angelala kwa rafiki yake Yasmine, ambaye mumewe, Moustapha, alikuwa na magari ya mizigo. Barabara ilikuwa tulivu siku hiyo. Askari wa kizuizi walitazama pasipoti yake, wakataniana kwa Lingala, wakamruhusu. Alifika kabla ya sala ya alasiri, na Yasmine alimpokea kwa vigelegele, akamwekea chakula uani.

"Yaya Godé, dada yangu mukubwa, weye ni mwanamuke ya nguvu," alisema Yasmine akimnawisha mikono. "Mais mie sikuelewa kitu moja. Utaacha namna gani dot ya Samedi, mahari ya Jumamosi hii?"

"Dot ya nani?"

"Ya mutoto wenu. Moustapha aliniambia Papa Shalom amekodi camionnette ya kubeba mbuzi. Zinatoka Kanyabayonga, zinaenda Bulengera, kule kwenu Butembo. Nikasema, kumbe kijana wa Godé amekuwa mutu mukubwa."

Godelive alikuwa na watoto wa kiume wawili. Mmoja alikuwa anasoma sekondari, mwingine alikuwa bado anacheza mpira wa vitambaa; hakuna aliyefikia kuoa. Aliyatazama maji yaliyokuwa yakimtiririka vidoleni. Yasmine aliusoma uso wake, na mkono ulioshika birika ukasimama.

"Yaya. Hukujua?"

Godelive alichukua simu, akampigia binti yake. Hakusalimia.

"Samedi kuko nini Bulengera?"

Upande wa pili Shalom akaanza kulia.

"Maman, tuliona ni heri usikuwe hapa. Papa alikuwa amekata shauri ya kuoa bibi wa pili. Nilisema, kama ni lazima ifanyike, basi ifanyike ukiwa mbali, unaona bahari, unakula muzuri. Ukirudi, tungekuambia polepole."

"Tungekuambia? Weye na nani?"

"Bote banajua, Maman."

"Anaitwa nani?"

"Nadège."

"Na koko yako, mama ya papa yako, naye alijua?"

"Njo alisema lazima ubakie. Papa alimukataza kukuambia."

Godelive alikata simu. Hakulia. Alimwomba Yasmine maji ya kunywa, akayanywa, akaomba mengine. Yasmine alimsihi aendelee na safari yake. Alimwambia mwanamume akishaamua, hata ukirudi unakuta ameamua. Heri kisiwa kuliko aibu. Yalikuwa maneno ya rafiki wa kweli, na Godelive aliyafikiria kwa haki usiku kucha. Lakini kila alipojiona ameketi mbele ya bahari ile, aliwaona pia wote nyumbani wakishusha pumzi kwa sababu hayupo. Ijumaa asubuhi gari la Kasindi lilipopiga honi mlangoni, alimlipa dereva, akamwacha aende. Yeye akapanda gari la kurudi Butembo.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa Mama Kahongya, akamkuta anapepeta maharagwe nyuma ya nyumba. Mwanamke mzee aliliona valizi, akaelewa.

"Juu ya nini hamukuniambia, Mama?"

"Ni mutoto wangu," alisema Mama Kahongya. Akapepeta tena. "Nilitafuta njia ya kukuambia bila kumusaliti. Sikuona."

"Nami nikawatukana."

"Ulinitukana, ndiyo."

Hakusema amemsamehe, na Godelive hakuomba. Alichukua ungo wa pili, akaketi, wakamaliza maharagwe pamoja. Baadaye mama mkwe alisema, bila kuulizwa, kwamba kesho atakwenda Bulengera, ila hatakaa upande wa mwanawe.

Jumamosi walikuta hema la turubai limefungwa uani kwa Papa Salomon, mkulima wa maharagwe, baba yake Nadège. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye ua, wakilia. Msemaji wa ukoo wa Lusenge alikuwa amesimama akitoa hotuba, na hotuba ikamkatikia mdomoni. Lusenge, ndani ya koti lake la Dubai, aliinuka nusu, akakaa tena.

Godelive alivuta kiti cha plastiki, akamkalisha mama mkwe, kisha naye akaketi. Papa Salomon alimtazama kwa adabu.

"Karibu, Mama. Ila hatukujui."

"Mie ni Godelive. Bibi ya Lusenge."

Mnong'ono ukapita chini ya turubai. Mwanamke mmoja wa upande wa msichana akasema kwa sauti, bila kujizuia, "Ule wa Ulaya?"

"Ulaya gani?" aliuliza Godelive.

Papa Salomon alipangusa uso. "Mama, tuliambiwa ulimuacha bwana yako. Kwamba ulienda Ulaya, hapana rudi tena. Jana alituonyesha photo. Ulikuwa unacheka, na valizi pembeni."

Mbuzi Godelive aliwajua tangu Beni. Hili hakulijua. Furaha yake yote, mjane wa Krete, mlango unaofungwa na ndani, samaki aliyemla peke yake, vyote vilikuwa vimechukuliwa na kufanywa ushahidi.

"Nilikuwa naenda kutembea," alisema. "Yeye njo aliniambia, enda."

Mlangoni mwa jikoni alisimama msichana mwenye umri wa Shalom, gauni lake pana likiwa limeinuka mbele. Godelive alilitazama tumbo lile, akaelewa kwa nini Papa Salomon hakuwa akimfukuza Lusenge.

"Mutoto yetu iko na mimba, Mama," alisema yule mzee, sauti yake ikiwa imeshuka. "Tufanye nini? Tuambie."

Godelive alikuwa amekuja na maneno makali, lakini hayakuwa ya mtu huyu. Akamgeukia mumewe.

"Papa Shalom. Simama. Waambie kama nilikuacha."

Lusenge alitazama viatu vyake. "Mama Shalom, tutaongea ku nyumba."

"Hapana. Hapa."

"Sema," alisema Mama Kahongya. Hakuinua sauti.

Lusenge alisimama. "Hakuniacha," alisema.

"Hata ba nyuma basikie," alisema Godelive.

"Hakuniacha! Sasa umetosheka?"

Godelive aliinuka, akamshika mama mkwe mkono, wakaondoka. Nyuma yao walisikia kikohozi cha msemaji, kisha hotuba ikianza tena mahali ilipokatikia. Mbuzi hawakurudishwa.

Jumapili ndege iliondoka bila yeye. Lusenge alimlaumu kwa tiketi iliyopotea, na kwa kumwaibisha mbele ya watu, kisha akaanza kulala Bulengera siku fulani na nyumbani siku nyingine. Godelive aliendelea na duka, kwa sababu watoto walikuwa bado wanasoma na funguo zilikuwa kwake. Sokoni watu waliokuwa hawajasikia mwisho wa habari walimwita kwa furaha: "Mama Ulaya! Umerudi lini?" Mwanzoni aliwaeleza. Baadaye aliacha.

Kwa wiki nyingi Godelive aliongea kidogo na Shalom. Binti alipika, alifua, alirudi mapema kutoka chuo, akingoja kuitwa. Siku moja mvua ilipowafungia dukani wawili tu, alijikaza.

"Maman, visa ingali nzima. Ule mama mujane aliandika, anauliza kama unakuya. Tutafute tarehe ingine. Safari hii ya kweli."

Godelive alikuwa anapanga plagi za pikipiki kwenye rafu. Hakugeuka.

"Nikienda sasa, batasema nini?"

"Baseme tu."

"Batasema Lusenge hakuongopa. Batasema, mulimuona? Ameenda." Aliweka plagi ya mwisho, akapangusa mikono. "Kuko nyumba moja kule Bulengera inangojea niende. Mie sitaenda. Hata Kasindi sitaenda."

"Hiyo ni kujifunga mwenyewe, Maman."

"Najua."

Mteja alikimbia kutoka mvuani, akaulizia mnyororo. Godelive akamwuliza wa pikipiki gani.