Bakuli la Mama Shuwena

Siku ile nilirudi kutoka darasani nimenuna, na mwanangu Yusra mgongoni naye kanuna, utadhani tulifeli pamoja. Nasoma masomo ya jioni, yale ya sisi tuliokatisha shule, na jioni hiyo Mwalimu Luhende alikuwa ameandika ubaoni neno moja la Kiingereza, keep, akatutaka tumpe maana yake. Nikanyanyua mkono upesi: "Kuweka!" Akasema, haya, na mtu mwenye kazi ya ku-keep kuku? "Anaweka kuku," nikajibu. Darasa likaangua kicheko, na Mhina wa kiti cha nyuma akauliza, "Anawaweka wapi dada, kabatini?" Nilicheka na mimi, lakini Yusra alishtuka akalia mpaka ikabidi tutoke. Mwalimu akanifuata mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba kesho jioni ni mtihani wa kupanda darasa, na mtoto haruhusiwi kuingia. "Huna mtu wa kukushikia?" Nikasema sina, na hapo ndipo paliponiuma, kwa sababu mtu nilikuwa naye, tumetenganishwa na ukuta tu. Tatizo lilikuwa bakuli lake.

Nilipojifungua, mume wangu akiwa safarini, Mama Shuwena ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga katika bakuli la bati lenye maua mekundu, akanikanda kwa maji ya moto, akambeba Yusra nikapata kulala. Kwetu humrudishii jirani chombo chake hivihivi, lazima utie kitu. Mimi nilitaka nitie kitu cha maana, pilau au sambusa za nyama, basi nikasubiri nipate. Nikasubiri hadi nikaanza kuona haya, nikawa napita njia ya nyuma ya msikiti nisikutane naye. Sasa Yusra ana meno, na bakuli bado liko juu ya kabati langu. Usiku ule nikajilaza kumnyonyesha huku nikilitazama, na usingizi ukanichukua kabla ya kumchukua yeye.

Nikajiona natembea katika nchi ya vilima vya kijani, yenye njia nyekundu iliyofagiliwa, hewa yake inanukia kama chumba alicholala mtoto mchanga. Yusra alikuwa mgongoni na bakuli kichwani, na ajabu ni kwamba bakuli lilikuwa tupu, lakini kila nikipiga hatua lilizidi uzito. Akanijia mwanamke kijana mwenye unga mikononi, kama aliyetoka kukanda maandazi, akasema jina lake ni Amana. "Nchi hii ni ya mama mmoja, anaitwa Keep," aliniambia. "Wanawe ni wengi na hawafanani hata kidogo. Twende uwaone, ujue umekuwa ukiishi na yupi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Hodhi, bwana mnene mwenye adabu nyingi, aliyekaa katikati ya mikate iliyoota ukungu na viatu vipya vya watoto waliokwisha kuwa watu wazima. "Karibu dada, litue hapa bakuli," alisema. "Kwangu hakipotei kitu." Nikamuuliza vitu vyote hivi hutumika lini. "Vitumike?" Akashika kifua. "Vikitumika si vitaisha!" Nikaondoka mbio kidogo, na nyuma yangu nikasikia kandambili zinaburuzwa. Alikuwa mdogo wake, Zuia, kajifunika ushungi hadi machoni, akininong'oneza sikioni kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, niliifahamu vizuri. "Usirudishe sasa, shoga. Utasema nini? Ngoja upate pilau. Ngoja Idi." Nikamjibu, "Idi si imeshapita?" Akasema bila aibu, "Kuna nyingine inakuja."

Amana hakumfukuza. Alinionyesha tu uwanja wa dada yao Fuga, ambako kuku walikuwa wakitoka kwenye banda lililo wazi na kutawanyika bondeni kama shanga zilizokatika uzi. Nikamwambia Fuga, kwa heshima, kwamba atawapoteza. Akacheka hadi akashika kiuno. "Hebu niwafungie humo siku nzima kwa kuwapenda kwangu, uone jioni nitabaki na nini! Wanatoka, wanakula, wanarudi. Hiyo ndiyo kazi yangu, mama, kuacha mlango wazi asubuhi." Nikamkumbuka Mhina na kabati lake, nikacheka peke yangu, na Yusra akacheka mgongoni bila kujua tunacheka nini.

Mwisho tukafika kwa Tunza. Hakuwa na kasri, alikuwa na baraza na mkeka, na miguu aliyoinyoosha. Nilikuwa nimechoka, shingo inauma. Akaninyooshea mikono. "Nipe mtoto upumzike." Nikataka kumfungua Yusra, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imelishika bakuli, na vidole havikuachia. Zuia akacheka kichinichini. Nikaanza kulia. Tunza akaniuliza, "Huyu mtoto, aliyempakata wakati wewe huwezi hata kuketi alikuwa nani?" Nikasema Mama Shuwena. "Alipokuja kwako, alikuwa anafuata pilau?" Nikasema hapana. "Basi unamngojesha nini? Yeye hakosi bakuli, mwanangu. Anakukosa wewe." Amana akakung'uta unga mikononi mwake, chembe chache zikadondokea bakulini, na bakuli likawa jepesi kama jani. Vidole vikafunguka. Nikasikia jogoo, sikujua kama ni wa Fuga au wa mtaani, na nilipofumbua macho Yusra alikuwa amekaa kitandani ananivuta sikio.

Sikungoja hata chai. Nilichuma matembele yanayoota yenyewe pale maji ya bafuni yanapotokea, nikayaosha, nikayatia bakulini, nikaenda kupiga hodi.

"Nani huyo? Ala! Mama Yusra! Mimi nilidhani umehama."

"Nimekuletea bakuli lako, mama. Nisamehe. Nilikuwa natafuta kitu cha kutia."

Akayatazama matembele, akanitazama mimi, akaangua kicheko kilichomwamsha mumewe. "Muda wote huo ulikuwa unayachuma haya? Bakuli nilishalisahau. Wewe ndiye uliyeniuma, unanikwepa kama nimekupiga. Hebu lete mtoto wangu hapa!" Akamchukua Yusra kwanza, bakuli akaniachia nilishike mwenyewe.

Jioni nikaingia kwenye mtihani mikono mitupu, mabega mepesi. Lile neno lilikuwemo. Walitaka sentensi moja, nami nikaandika kwa Kiingereza changu cha jioni kwamba jirani yangu ananitunzia mwanangu, nikatulia, nikaendelea na swali lililofuata.

Niliporudi, Yusra alikuwa amelala mapajani mwa Mama Shuwena, mdomo wazi. Nikamnyanyua taratibu. Nilipofika mlangoni mama akaniita, "We, unasahau chombo!" Akanipa bakuli la maua mekundu likiwa la moto, limejaa matembele yaliyoungwa kwa nazi.

Nikalipokea. Kesho asubuhi nalirudisha, hata kama lina ndimu moja tu.