Droni Juu ya Paa la Ghala

Léonce hakuelewa kwa nini helikopta iligeuka. Ilikuja moja kwa moja, ikapunguza mwendo, ikaning'inia kwa mbali upande wa kilima, kisha ikageuza mkia na kuondoka kama iliyosahau kitu nyumbani.

"Mbona wanaondoka?" aliwauliza watu waliojazana naye kwenye roshani ya jengo la maduka. Chini yao Nyabugogo, mtaa wa stendi ya mabasi, ilikuwa maji matupu, maji mekundu ya mto yaliyokuwa yakizunguka mabasi na kubeba magunia, viti na makreti ya soda.

Léonce alikuwa mpiga picha za harusi. Asubuhi hiyo mkewe, Liliane, alitoka mapema kwenda kwenye duka lake la vitenge nyuma ya stendi. Mto ulipovunja kingo kwa mvua, Léonce alimpigia simu, haikupatikana. Alipiga tena na tena, sauti ikawa ile ile ya mashine. Basi akachukua droni yake, ile inayopiga maharusi kutoka juu, akaja mbio na kuirusha.

Na akamwona. Kwenye kioo cha rimoti alionekana mwanamke aliyekumbatia tangi la maji juu ya paa la ghala, kilemba cha njano kichwani. Liliane alikuwa na kilemba cha njano. Uso haukuonekana, lakini Léonce alikwisha kumjua.

Helikopta ilirudi. Ili rubani asipotee tena, aliipandisha droni juu kabisa ya paa, akaishusha, akaipandisha, kama mtu anayepunga kitambaa. Helikopta ikasimama mbali zaidi ya mara ya kwanza. Kadiri alivyopunga ndivyo ilivyorudi nyuma. Sasa akachanganyikiwa kabisa. Je, hawakumwona? Au walimwona wakaamua hafai kuokolewa?

"Ni nani anarusha droni hapa?"

Msichana mwenye fulana ya kung'aa alipanda ngazi akihema, redio mkononi. Maandishi kifuani yalisema Uokoaji, na chini yake jina: Shallon.

"Ni mimi, dada. Waambie! Mke wangu yuko pale, namwonyesha, na wao wanakimbia!"

"Wanakukimbia wewe, kaka. Ishushe."

"Mimi?"

"Kidude hicho kikiingia kwenye mapangaboi, helikopta inaanguka juu yake. Rubani hajui ni ya nani wala itaelekea wapi. Sisi wenyewe droni yetu tulikwisha kuishusha ili yeye apite."

Léonce alimtazama, akatazama kioo, akatazama helikopta. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, kila moja alilijua, ila yalikataa kukaa pamoja kichwani.

"Nikiishusha sitamwona tena."

"Nielekeze alipo. Nitawaambia sasa hivi, ukinisikia."

"Paa la bluu, nyuma ya stendi, karibu na tangi jeusi. Mana yanjye, Mungu wangu... amesimama ukingoni."

Shallon alisema hayo hayo redioni. Léonce akabonyeza. Aliishusha kwa haraka mno hata droni ikagonga ukuta wa roshani kabla ya kutua. Kioo kikaonyesha sakafu ya saruji, basi.

Akabaki kipofu. Alisikia mngurumo ukikaribia, ukakaa hapo muda mrefu, watu wakapiga kelele, naye hakuthubutu kuinua macho. Shallon ndiye aliyemgusa bega. "Amepanda."

Walimtua kwenye kilima, penye barabara kavu. Léonce alifika akikimbia, matope hadi magotini. Chini ya blanketi alikaa mama mtu mzima, kilemba cha njano kikidondosha maji. Hakuwa Liliane. Hakufanana naye hata kidogo.

"Wewe ndiye mwenye kile kidude?" mama aliuliza. Jina lake Kanyange, muuza maharage. "Kilikuwa kinanifuata, mwanangu. Nikakikimbia hadi ukingoni."

"Nisamehe, mama," Léonce alisema. "Nilidhani ni mtu wangu."

"Na mtu wako yuko wapi?"

Hakujua. Simu yake ikalia, namba ngeni, lakini sauti ilikuwa ya Liliane.

"Léonce? Niko Kabuga, nilifuata mzigo. Simu yangu iliisha chaji, hii nimeazima kwa Mugeni, mwenye mzigo. Wanasema huko kuna mafuriko. Duka vipi?"

Alikaa chini barabarani. Alicheka, kisha akajikuta analia, na mama Kanyange akamshika mkono bila kuuliza.

"Léonce? Mbona unalia? Uko wapi?"

Aligeuka huku na huku, akatafuta jengo alilotoka, asilione.

"Sijui," alisema. "Ngoja kwanza. Usikate simu."