Gavana wa Kijichi

Noti ya kwanza iligunduliwa kwa Nurdin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mtoni Kijichi. Alipeleka mauzo yake benki, mashine ikaitema noti moja ya elfu kumi. Karani akairudisha, ikatemwa tena. Akamwambia Nurdin kwamba ni bandia, ila alisema hivyo huku akiigeuzageuza, kama mtu asiyeyaamini maneno yake mwenyewe.

Baada ya hapo zikaonekana nyingine: kwa muuza gesi, kwa wakala wa fedha, hadi kwenye sadaka ya jumuiya ya kanisa. Hazikuwa kazi ya mashine ya fotokopi ya dukani. Ukiishika ilikuwa kakamavu kama noti, ukiimulika picha iliyojificha ipo, uzi nao upo. Watu wakaanza kusema. Mmoja alisema zimeshushwa kwa boti kule Mbweni. Mwingine akasema zinatoka nchi jirani, mwingine kwamba Msasani kuna jumba lenye mashine chini ya sakafu. Lakini Mbweni ni mbali na Msasani ni mbali. Mtaa ulitaka mtu wa karibu, na wa karibu alikuwa Leodegar.

Leodegar alikuwa mpiga chapa. Kazi aliifundishwa na wamisionari kule kusini, akaja kuifanya Dar mpaka kampuni ilipoleta kompyuta na kumstaafisha. Aliondoka na mashine moja kuukuu ya kukanyaga kwa mguu, akaiweka stoo nyuma ya nyumba, akawa anachapa kadi za harusi. Kisha watu wakaanza kualikana kwa simu. Mkewe, Editha, akaifunika ile mashine kwa kanga, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza Leodegar jambo lolote la maana.

Siku muuza gesi alipoileta noti yake kwenye kijiwe cha kahawa, Leodegar alivaa miwani, akaimulika juani kwa kitambo, kisha akasema, "Aliyefanya hii ni fundi. Mie nampa heko."

Alisema hayo tu. Kufikia magharibi maneno yalikuwa yameuzunguka mtaa mzima, na yalikuwa yamenenepa njiani.

Vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Gavana, kama yule wa Benki Kuu. "Shikamoo, Gavana! Tuchapie hata moja basi, tuweke mafuta." Leodegar alicheka na kupunga mkono. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Muuza kahawa akawa hamtozi. Watu waliokuwa wakimpita kama nguzo ya umeme sasa walimpisha kiti.

Aliyelipa gharama ni Editha. Alikuwa na meza ya vitambaa vya sare za shule katika soko la Tandika, na wateja wake wa siku zote wakaanza kuzimulika chenji anazowapa, tena mbele ya macho yake. Siku moja mwanamke asiyemjua aliinama mezani akamnong'oneza, "Mama, nasikia kwenu zipo. Nikikupa moja ya kweli unanipa ngapi?"

Editha alikunja vitambaa akarudi nyumbani mapema.

"Baba Bene," alimwambia mumewe wakiwa wanakula, "watu wanasema ni wewe."

"Watu wanasemaga mengi."

"Sasa mbona huwaambii siyo?"

Leodegar alilifinyanga tonge polepole. "Kwani wewe unaona ningeweza?"

Aliuliza kwa uso ambao Editha hakuwa ameuona kwa miaka, uso wa kijana anayetaka kuambiwa amependeza. Akisema ndiyo, atakuwa amemwita mwizi. Akisema hapana, aliona wazi kwamba atamuumiza, ila hakujua kwa nini. Akaondoa vyombo.

Jumamosi Leodegar alipokwenda mazoezi ya kwaya, Editha aliingia stoo. Kanga haikuwa juu ya mashine. Wino ulikuwa mbichi. Nyuma ya maboksi ya kadi akakuta karatasi, na juu ya karatasi mistari myembamba iliyosokotana kama ile ya pembeni mwa noti, na tarakimu za elfu kumi, zimechapwa na kuchapwa tena. Hakukaa kuangalia kama ni nzuri au mbaya. Alizibeba zote, akazipeleka jikoni, akazitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Mumewe aliporudi aliyala maharage yale, akayasifu.

Jumatatu askari wakaja, watatu, wamevaa kiraia. Walikuja na mjumbe wa mtaa, Twalib, ambaye hakuthubutu kumtazama Editha usoni. Waliipindua stoo nzima. Hawakupata kitu zaidi ya kadi za harusi za watu ambao sasa wana watoto wanaosoma. Hata hivyo wakamchukua Leodegar pamoja na makopo yake ya wino.

Editha alifuata kituoni na dawa za presha za mumewe. Mpelelezi, dada mmoja wa Mbeya aitwaye Sekela, akamruhusu akae kwenye benchi karibu na mlango.

"Mzee, shikamoo," alisema Sekela.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtaani wanasema noti hizi ni zako. Na mimi nimeuliza, hakuna hata mmoja aliyekusikia ukikana. Kwa nini?"

Leodegar aliyatazama makopo yake ya wino pale kando. Sekela akamwekea mezani noti tatu na lenzi. Mzee aliziinamia kwa muda mrefu, midomo ikimchezacheza kama anasoma. Editha alitazama mgongo wa mumewe, akaona jinsi mabega yalivyokuwa yakishuka.

"Hii mie siiwezi," Leodegar alisema mwishowe.

"Huiwezi au hukuifanya?"

"Siiwezi. Nimejaribu mistari hii ya pembeni peke yake, ikatoka kama uji. Hata nilipokuwa kijana, na mashine nzuri, nisingeiweza. Mashine yangu inachapa kadi, na hizo kadi zenyewe wino unavuja."

Kwa kutamka kwamba amejaribu, alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, na Editha aliushika ukingo wa benchi. Lakini Sekela hakuandika kitu. Alimtazama tu mzee, kisha akavuta kiti.

"Basi nani anaweza?"

"Sijui. Sijawahi kukutana naye."

Sekela akashusha pumzi. Akasema noti kama hizo zimekamatwa Kinondoni, zimekamatwa Mbweni, na Keko fundi mmoja ameuza kitanda na kabati akalipwa hizo tupu. "Kila tunayemshika kapewa na mwenzake. Tunafuata, tunafuata, tunafika kwa mtu ambaye hakuna anayemjua jina."

Walimlaza ndani usiku mmoja, kesho yake wakamwachia. Nyumbani alikwenda moja kwa moja stoo. Alipotoka, Editha alikuwa anapepeta mchele uani.

"Karatasi zangu ulizichoma?"

"Nilizichoma. Jumamosi."

Leodegar akahesabu siku kichwani. Jumamosi askari walikuwa bado hawajafika. Alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo uliamini ni mie."

"Niliamini."

"Na hukuona zilivyokuwa mbaya?"

"Sikuangalia, Baba Bene. Niliogopa."

Alitikisa kichwa, na kwa muda Editha hakujua kama anacheka au analia. "Nilitaka tu kujua kama mkono bado upo," alisema.

Editha aliweka ungo chini. Alitaka kumwambia kwamba mkono upo, lakini alikuwa amemsikia akikiri kule kituoni, na mumewe alijua hilo. Akamwandalia maji ya kuoga.

Kufikia Pasaka noti zile zikaacha kuonekana Kijichi. Kijana mmoja alikamatwa na bunda, akasema aliuziwa baa na mtu mwenye kofia, na habari ikaishia hapo. Muuza kahawa akarudi kumtoza Leodegar kama wengine.

Nurdin ndiye aliyemsimulia Editha alipopita dukani kununua misumari. Vijana kijiweni walikuwa wamemuuliza mzee tena, kwa utani, "Gavana, zile za mwisho umezificha wapi?" Na mzee alisimama, akavua miwani, akasema mbele ya wote, "Hazikuwa zangu. Mie kazi ile siiwezi." Kisha akalipia kahawa yake na ya muuza gesi.

"Alisema hivyo?" Editha aliuliza.

"Hivyo hivyo, Mama Bene."

Editha alipokea misumari yake. Jioni hiyo alimkaangia mumewe samaki, wakala uani, na wala hawakuizungumzia habari hiyo.