Kioo cha Upande wa Dereva

Jumanne saa nne asubuhi, mkaguzi wa bima alifika gereji, akauweka mkoba wake juu ya tairi kuukuu, akachora duara la chaki kwenye kila jeraha la gari la mshonaji. Mlango wa dereva ulibonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Kioo cha pembeni kilikuwa kizima, ila kilikuwa bado kinaonyesha ajali.

Mkaguzi alifuta miwani, akatazama. Ndani ya kioo, taa ya mshonaji ya kukata kulia ilikuwa ikiwakawaka. Nyuma likaja gari jeusi mbio, dereva simu sikioni, likataka kumpita palepale anapokata. Likamgonga. Kioo kikatulia kidogo, kisha kikaanza upya.

“Tangu Ijumaa ndiyo kazi yake,” alisema fundi. “Hata paka wetu hakigeukii tena.”

Mshonaji alisimama pembeni, mkanda wa kupimia bado shingoni. Gari hilo ndilo lililokuwa likipeleka sare alizoshona kwenye shule nne. Bila gari, hana wateja. Bima ya gari jeusi ingemtengenezea, mradi kosa lisiwe lake. Na ripoti ya polisi ilisema alikata kona bila taa.

“Umeona mwenyewe, mwanangu?”

“Nimeona, mama. Mara tatu, kama utaratibu unavyotaka.”

“Basi andika.”

Mkaguzi alimwonyesha fomu. “Kwenye kioo kuna visanduku viwili: kimevunjika, hakijavunjika. Cha ‘kinasema kweli’ hakipo.”

“Si uchore cha tatu? Kuchora unajua, gari zima umelijaza maduara.”

“Mama yangu, nikichora kisanduku leo, kesho tutatafuta kazi wote wawili.”

Akatia alama: hakijavunjika.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Kosa ni la mshonaji. Aliisoma, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akajitwisha furushi la sare na kushika njia kwa miguu.

Siku hiyohiyo dereva wa gari jeusi alikuja gereji hiyohiyo kuchukua gari lake, lililokwisha kunyooshwa na kupigwa rangi. Akiwa anasubiri funguo, alitoa chanuo, akainama mbele ya kile kioo. Akajiona anakuja. Alisogeza kichwa pembeni kidogo kujipisha, kisha akaendelea kuchana.

“Hapo kweli nilikimbiza gari,” alisema. “Na mama wa watu taa aliwasha.”

“Aliwasha,” fundi alikubali, akamkabidhi funguo.