Msamaria, Elfu Tano

Daktari Gerson wa mifugo alimtazama paka mdogo wa kijivu kupitia waya wa kizimba kwa dakika mbili bila kumgusa. Kisha akavaa glavu za pili juu ya zile za kwanza.

"Mwalimu, mbwa aliyewang'ata hawa yuko wapi?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu, na kila mwaka nafundisha kichaa cha mbwa. Siku kumi na moja kabla ya hapo niliwaokota paka wadogo watatu nyuma ya mashine ya kusaga, Nzuguni, wameraruliwa. Niliona mguu uliovunjika, nikawaza gharama ya upasuaji tu.

Mchango niliuendesha kama michango yote ya mtaani: kundi la WhatsApp, orodha, jina, kiasi. Hamida, jirani yangu, aliandika, "Mwalimu, hata harusi yangu hukuihangaikia hivi." Basi nikaongeza kivutio. Jumamosi, kila aliyechangia aje ampakate mgonjwa, apigwe picha. Walikuja thelathini na wanne.

Sasa ilikuwa Jumatano. Yule wa kijivu aliuma ukingo wa bakuli la maji, mate yakimning'inia kidevuni. Miguu ya nyuma haikumtii.

"Huenda ni jeraha la kichwa," alisema daktari. "Maabara ndiyo itakayosema, akishakufa. Lakini binadamu akishaanza dalili, hakuna dawa. Na mate huambukiza siku kadhaa kabla mnyama hajaonyesha chochote. Nani walimshika?"

Nikafungua orodha, nikaanza kupiga simu.

"Alikung'ata?" nilimwuliza Hamida.

"Hapana."

"Alikukwaruza?"

"Alinikojolea. Yaani nimelipa elfu mbili nikojolewe, halafu nife?"

"Hufi," nilisema, nikapiga namba iliyofuata.

Kufikia saa tisa nilikuwa nimewapata thelathini na watatu. Ilibaki namba ishirini na tatu: *Msamaria, 5,000*. Wengi huandika hivyo kwenye michango, wasionekane wanajitangaza, na mimi nilikuwa nimewasifu kwa hilo. Alitoa taslimu. Namba ya simu sikuwa nayo.

Nilimkumbuka. Mwanamke mwenye kanga ya buluu, na binti wa miaka mitano hivi. Yule wa kijivu alimng'ata mtoto kidole gumba, likatoka tone moja la damu. Nililifuta kwa kitambaa, nikamwambia, "Amekubusu huyo." Watu wote wakacheka.

Nilituma picha yao kwenye kundi. Baada ya dakika ishirini Kefa, mwenye duka la kona, akajibu: "Huyo alikuwa mgeni wa mama Raheli. Alirudi kwao Chemba Jumapili." Akaniombea jina na namba yake kwa mama Raheli. Simu iliita mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Naongea na Yudith? Mimi mwalimu Restuta, wa Nzuguni. Wa paka."

"Ee, mwalimu! Wagonjwa wetu wanaendeleaje?"

"Kidole cha mtoto kikoje?"

"Cha Gladness? Kimefunga. Ila tangu jana anakikuna, anasema kinawasha."

Kidonda kinachopona huwasha. Na ugonjwa ule pia mara nyingi huanza kwa kuwasha palepale palipong'atwa. Siku nne ni chache mno kwa ugonjwa ule. Niliurudia ukweli huo kichwani, kisha nikamwambia:

"Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Halafu mpeleke hospitali leo hii. Waambie ameng'atwa na paka anayeshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa. Usisubiri kesho."

"Mwalimu, unanitisha."

"Ndiyo," nilisema. "Nakutisha."

Saa moja kasoro ukaingia ujumbe: *Amechomwa ya kwanza. Amelia sana. Wamesema turudi Jumamosi.* Nilifuta neno Msamaria, nikaandika: Gladness, miaka mitano, gumba la kulia.

Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Na wewe?" aliuliza.

Nilikunja mikono ya blauzi. Mikwaruzo ilikuwa saba. Nyuma yetu, ndani ya kizimba, bakuli lilipinduka.