Jiwe la Mwali

Mamle na rafiki yake Korkor waliwekwa ndani siku moja kufundwa, wali wawili mkeka mmoja, vichwa vimenyolewa, viuno vimejaa shanga mpaka kulala ni taabu. Kwa Wakrobo, kabila lao, msichana hawi mwanamke mpaka akalie jiwe. Likimkubali, ananyanyuliwa na ngoma inapigwa. Likimkuta ameshajua mwanamume linamnasa, na hapo hana kwao tena. Hata msiba wa mama yake atausikia kwa watu.

Asubuhi ya jiwe Mamle hakugusa uji.

"Teye alinikumbatia," alisema. Teye alikuwa kijana wa kuchoma shanga za kioo, masizi mpaka kwenye nyusi. "Kule nyuma ya tanuri. Akanibusu."

"Halafu?"

"Halafu nikakimbia."

Korkor alicheka mpaka akajiziba mdomo. "We Mamle, kuku ana akili kukushinda. Mimi huu mwezi wa pili sijaona siku zangu, na naenda kukaa kama nakaa jikoni kwetu."

"Huogopi?"

"Jiwe ni jiwe, shoga. Unakaa, unanyanyuka. Usinitie nuksi."

Korkor ndiye aliyetangulia. Kungwi alimkalisha, akamnyanyua, vigelegele vikapigwa. Alipompita mwenzake akamkonyeza.

Mamle akakaa. Jiwe lilikuwa la baridi. Akainua macho, akamwona Teye katikati ya watu, naye Teye akatazama chini. Basi baridi ile ikampanda mapajani, miguu ikafa ganzi. Kungwi akamvuta, wapi. Akamvuta tena.

"Nyanyuka, mwanangu," alimnong'oneza. Alikuwa mwanamke mwenye huruma.

"Siwezi, bibi. Limenishika."

Alilisema mwenyewe, tena kwa sauti, na waliokuwa mbele walisikia. Mama yake akajifunika kanga usoni. Wakamuuliza ni mwanamume gani, akatikisa kichwa. Teye alishapenya kwenye watu, akaenda zake.

Kungwi akakata nyuzi, shanga zikamwagika. Wanawake wakaanza kuzomea huku wakimsukuma kuelekea barabara iendayo nje ya nchi yao. Mamle akageuka kumtafuta Korkor, maana ndiye peke yake aliyebaki anayejua kwamba ilikuwa busu tu.

Shangazi mmoja alikuwa anamtazama Korkor. "Mbona wewe kimya?"

Korkor akashika tumbo, akaliachia haraka. Kisha akazomea, kwa nguvu kuliko wote.